Neno nililolisema msibani

Chang'ombe, Dodoma
28 Desemba 2024

Shoga yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi hatujambo. Mvua inakuja kwa kusuasua, lakini uwele wa mama umeota, na mwenyewe siku hizi anatembea bila mkongojo. Anakusalimu sana. Kila mara ananiuliza kama huko Tanga unapata mlenda, nami namjibu kwamba Tanga si Ulaya.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa kalamu na juzi tu, siku ya Krismasi, tumeongea kwenye simu. Unanijua. Kwenye simu ningecheka. Jambo likinielemea nalifanyia utani, na hili nilishalifanyia utani mara moja, Desemba 2004, na wewe ulinisikia.

Alhamisi jioni nilikuwa kwa jirani yetu mwenye duka karibu na mashine ya kusaga. Televisheni ilikuwa ikionyesha kumbukumbu ya miaka 20 ya tsunami ya Bahari ya Hindi: Aceh kule Indonesia, Sri Lanka, Thailand, watu wanaomba ufukweni, wengine wanalia mbele ya kaburi la pamoja. Wakataja idadi, zaidi ya watu 220,000, nchi 14. Basi baraza likaanza kutoa hukumu. Kijana mmoja akasema huko kulikuwa kumejaa madanguro, Mungu akaamua kusafisha. Mwingine akasema hilo lilikuwa bomu la Wamarekani, wamelilipua chini ya bahari, na akaapa kabisa. Mzee wa baiskeli akasema yeye ndiyo maana hahami Dodoma, kwa sababu tsunami mpaka itufikie hapa itakuwa imeshakauka imekuwa vumbi. Watu wakashika mbavu. Hata mimi, mwenzangu, meno yalikuwa yameanza kutoka nje.

Halafu mama mmoja, nadhani mgeni maeneo haya, akauliza, "Kwani kwetu alikufa mtu?"

Wakamjibu kwa pamoja: hakufa mtu.

Nikanyanyuka nikaenda nyumbani. Hata chenji yangu niliisahau pale.

Hakufa mtu! Nao kila siku wanapita mbele ya nyumba yenu. Sawa, wengi wao wamehamia baada ya serikali kuja huku, hawakumkuta mdogo wako. Lakini yule mzee wa baiskeli alikuwepo. Alibeba jeneza lake.

Nimekaa siku mbili hizi nikiikumbuka Jumapili ile. Redio ilitaja "tsunami" jioni, na baba, Mungu amrehemu, akadhani ni jina la meli iliyozama, kwa kuwa sisi watu wa bara msiba wa majini tulioujua ni wa MV Bukoba. Hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tunamalizia pilau la jana yake. Mdogo wako alikuwa Dar kwa mjomba wenu wiki moja tu, mara yake ya kwanza kuiona bahari. Kabla ya kupanda basi aliniahidi kuniletea chupa ya maji ya bahari nionje mwenyewe kama kweli yana chumvi, maana nilikuwa nabisha. Miaka kumi na sita. Simu ilipigwa dukani Jumatatu asubuhi, unakumbuka nani alitumwa kukuita. Ni mimi.

Gari lilifika Jumanne usiku. Siku ya mazishi tulikaa kwenye mikeka upande wa mwembe, wanawake peke yetu, na maneno yakaanza kama yanavyoanza misibani. Nami nikasema, naandika vilevile nilivyosema: "Na huyu naye, mtoto wa Dodoma, maji yenyewe tunayapanga foleni bombani, alikwenda kutafuta nini baharini?" Wawili watatu wakacheka kwa puani. Nilipogeuka, wewe ulikuwa nyuma yangu umeshika jagi na beseni. Ukaninawisha mikono, taratibu, mpaka maji yakaisha. Hukusema neno siku ile, wala miaka ishirini iliyofuata.

Sasa nisikilize. Sitaki kujitetea, ila nataka ujue lile swali nimelibeba muda gani.

Kwanza nilijiuliza mbona sikuuliza hivyo Igandu. Juni 2002 treni ile ilirudi kinyumenyume kilimani ikaua watu 281, hapa hapa mkoani kwetu. Tulizika, tulilia, hakuna aliyeuliza marehemu alikwenda kutafuta nini kwenye treni. Kila mtu alishapanda treni, au mama yake alishapanda. Yeyote kati yetu angeweza kuwemo. Lakini bahari ilikuwa ya watu wengine, iko kilomita zaidi ya mia nne, na sisi tuko mita elfu moja na mia moja juu yake. Nikiuliza alifuata nini, najihakikishia kwamba mimi sitaifuata, kwa hiyo mimi sitakufa. Nadhani na wale vijana wa Alhamisi ni hivyo hivyo. Danguro, bomu, dhambi, vyovyote, mradi iwe sababu ambayo yeye hanayo.

Pili ni zile saa. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Tetemeko lilipiga chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ukubwa wa 9.1, saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa zetu. Mdogo wako alikuwa amelala chali kwa mjomba. Sakafu ya bahari ikanyanyuka, ikasukuma maji yote yaliyokuwa juu yake, na mawimbi yakaanza kuvuka Bahari ya Hindi kwa mwendo wa ndege. Baada ya saa mbili hivi yalikuwa Sri Lanka, watu wanakufa kwa maelfu. Hapo yeye anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai na chapati zilizobaki za Krismasi. Mawimbi bado yako njiani. Anabishana na binamu zake nani ana bukta ya kuogelea. Yalifika pwani yetu mchana, jua la utosi. Saa nane na zaidi, shoga yangu! Basi la kutoka hapa lingefika Dar na dereva akapata muda wa kula.

Na habari zilikuwepo. Kenya ilipozipata, watu waliondolewa ufukweni, na aliyekufa huko anatajwa mmoja. Kwetu ni zaidi ya kumi, wengi waogeleaji, vijana kama yeye. Somalia, kule Hafun na vijiji vya jirani, walikaribia 300. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na mfumo wa kimataifa wa kupeana tahadhari tangu 1965. Ya Hindi haikuwa nao. Ulikuja kutengenezwa baadaye, baada ya makaburi. Na unajua watu walivyoupokea? Aprili 2012 tetemeko la 8.6 likapiga tena upande ule ule wa Sumatra, tahadhari ikatolewa bahari nzima, na maji hayakuja kwa kishindo. Shangazi yangu wa Kigamboni akalalamika wiki nzima kwamba wamewahangaisha bure. Nilimjibu vibaya mpaka akakata simu. Hakuelewa hasira ile imetoka wapi.

Mjomba wenu alisimulia kwamba siku ile maji yalikuwa yamekupwa, nayo yakawa yanatoka na kurudi haraka haraka, si kwa mwendo wake wa kawaida, na watoto wakaona ni mchezo. Wewe uliyeolewa Tanga sasa unajua kupwa na kujaa, unajua bamvua, unajua saa za maji kama sisi tunavyojua saa za basi. Yeye angejuaje? Kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, jirani kabisa na pale tetemeko lilipoanzia. Mwaka 1907 kiliwahi kupigwa na tsunami, wazee wakaipa jina, smong, wakawaimbia watoto na wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbia mlimani, usiulize. Mwaka 2004 watu kama 78,000 wa kisiwa kile wakakimbilia vilimani. Waliokufa ni saba.

Bibi yenu wa Bahi aliwafundisha wingu la upande wa Kilimatinde linaleta nini, na mizizi gani inachimbwa mwaka wa njaa. Wagogo kwa kuimba hatujambo. Lakini wimbo wa bahari angeutoa wapi? Nilimwita mjinga mbele za watu kwa kutojua kitu ambacho ukoo mzima, na Dodoma nzima, na mimi mwenyewe hatukukijua.

Ilipofika Machi 2011, ile ya Japani, mazungumzo yalibadilika, nikashangaa sana. Hapo hakuna aliyetaja dhambi. Sokoni Majengo wauza nyanya walikuwa wanasifia Wajapani wanavyopanga foleni ya maji bila kusukumana. Watu karibu 16,000 wamekufa, maelfu hawajaonekana, mtambo wa nyuklia umelipuka Fukushima, sisi tunasifia foleni. Ila na huko kuna kitu kimenikaa moyoni: kijiji cha Aneyoshi, kina jiwe la zamani limechongwa maneno ya kukataza watu wasijenge chini ya hapo. Walitii. Maji yalipanda, yakaishia chini ya jiwe. Halafu mwaka 2016 tetemeko likapiga Bukoba, watu 17 wakafa, na hapa mtaani utani ukawa kwamba Wahaya wamezidi maringo. Safari ile sikucheka, lakini sikumkemea mtu pia.

Kemeo lilikuja lenyewe. Sijui kama nilikusimulia usiku ule nyumba yetu ilipotikiswa. Sufuria zikagongana kabatini, kitanda kikawa kama kinasukumwa na mtu, mbwa wote wa Chang'ombe wakabweka kwa pamoja. Nilitoka na kanga moja, tena juu chini. Nje nikawakuta wote, mzee wa baiskeli akiwa na taulo, mchungaji na mkewe, vijana wa bodaboda, tumesimama katikati ya barabara tunatazamana. Hakuna aliyeuliza Dodoma tumetenda nini. Hakuna aliyetaja danguro, na yapo. Asubuhi mwalimu mmoja akatukumbusha kwamba ule ukingo wa Kilimatinde tunaoushuka tukitoka Manyoni ni ukuta wa Bonde la Ufa, ardhi yetu inapasuka polepole miaka yote, na itatikisika tena. Nikajiona nimekaa kwenye mkeka wangu mwenyewe, na mtu nyuma yangu anauliza: huyu naye alikwenda kutafuta nini Dodoma?

Basi Ijumaa, yaani jana, nikaenda makaburini. Sikukuambia, samahani, labda ningekuomba ruhusa kwanza. Majani yalikuwa yamefunika kote, mvua hii kidogo imetosha kwa majani tu. Nikang'oa kwa mkono, na upupu ukaniwasha mpaka viwiko, nikasema sawa tu. Msalaba bado umesimama wima. Rangi ndiyo imeondoka, jina linasomeka kwa kupapasa, tarehe imebaki "26" na alama ya mstari.

Nilikuwa nimebeba kopo la rangi nyeupe na brashi. Nikapiga magoti nikafungua mfuniko, kisha nikaufunga tena. Mkono huu ndio ule ulioninawisha wewe msibani, shoga, nikaona si haki niandike jina lake kabla hujaniambia neno.

Kopo lipo chini ya kitanda changu. Niipake, au nikusubiri uje Pasaka tuipake wote? Au hutaki kabisa niiguse? Niandikie, hata kama ni kunitukana. Maandishi yawe meusi au ya bluu? Mama yenu alipenda bluu.

Mimi mwenzako wa foleni ya bomba.