Kisima kirefu kukosa hewa si kukosa bakteria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli ninayoisikia mara kwa mara hapa Dodoma, tangu mji ulipoanza kupanuka kwa kasi na wenye viwanja vilivyo mbali na bomba kulazimika kuchimba visima vyao. Mchimbaji akishapita mita 80 au 100, humwambia mwenye nyumba kwamba maji hayo ni salama, kwa kuwa huko chini hakuna hewa, na pasipo hewa hakuna kijidudu kinachoweza kuishi. Mimi pia niliambiwa hivyo, nikaridhika, hadi asubuhi moja maji ya kwanza yaliponuka kama mayai viza.

Sehemu ya kauli hiyo ni kweli. Udongo na mwamba huchuja vijidudu vingi vinavyotoka juu, na maji ya visima virefu, kama yale ya bonde la Makutupora yanayonyweshwa mji huu kutoka Mzakwe, kwa kawaida huwa na vimelea vichache kuliko ya lambo au mto wa msimu. Kosa liko kwenye sababu inayotolewa. Tangu mwaka 1861, Louis Pasteur wa Ufaransa alikwisha kuonyesha kwamba wapo viumbe wanaoishi bila oksijeni, na kwamba kwa baadhi yao oksijeni ni sumu.

Wanaishije? Kiumbe kinapovunja chakula ili kipate nguvu, hubakiwa na elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, ambazo lazima kizitue mahali fulani. Sisi huzitua kwenye oksijeni. Maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba takribani miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, na yakikaa ardhini bila kugusana na hewa, akiba hiyo inaweza kumalizwa na bakteria waliotangulia. Hapo huingia wengine, ambao hutua mzigo wao kwenye nitreti, yaani chumvi ya naitrojeni ambayo hutoka pia kwenye kinyesi. Nitreti ikiisha, kwenye manganizi na chuma kilichomo mwambani. Kisha kwenye salfeti, yaani chumvi ya salfa, na hawa wa mwisho ndio wanaotoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ile ya mayai viza. Chakula huko chini ni haba, kwa hiyo wengi hung'ang'ania uso wa mawe na kuzaana polepole sana. (Wale wa nitreti wana faida kwetu, kwani huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni isiyodhuru, ni msaada mkubwa penye vyoo vya shimo vingi, ingawa si wa kutegemewa, maana kazi hiyo hawaifanyi ipasavyo pasipo chakula cha kutosha au mahali ambapo oksijeni bado ipo.)

Hata maji yaliyokwisha kutiwa klorini hayawafukuzi wote. Ndani ya mabomba na matenki ya plastiki tunayoweka juu ya nyumba hujengeka utando wa ute, ambao bakteria wa tabaka la juu huimaliza oksijeni, nao walio chini yao huishi gizani wakikingwa na klorini. Wapo pia jamii ya Clostridium, ambao mambo yakiwa magumu hujifungia katika spora ngumu zinazostahimili kiwango cha klorini kinachoua bakteria wa kawaida, na baadhi hustahimili hata maji yanayochemka.

Sisemi haya ili watu waogope. Bakteria wanaotoa harufu si wale wanaoleta kuhara, na maji yanayonuka yanaweza kuwa hayana kinyesi hata kidogo. Hatari ni kinyume chake: maji yasiyonuka, meupe na matamu, yanaweza kubeba E. coli, bakteria wa kinyesi, ambaye huishi penye oksijeni na pasipo oksijeni. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaopima kisima kwa kuangalia tu kama karatasi ya kipimo imegeuka nyeusi. Kipimo hicho hutegemea gesi ileile ya haidrojeni salfaidi, na kisima chenye bakteria wa salfeti kwa asili yake kinaweza kugeuza karatasi bila choo chochote kuhusika. Kinachofaa ni sampuli kupelekwa maabara na kupimwa E. coli na nitreti. Kwa nitreti, kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisizidi miligramu 50 kwa lita.

Mwenye kisima kinachonuka anaweza kuanza na jambo dogo. Afungue bomba lililo karibu zaidi na pampu, aache maji yatiririke kwa muda. Harufu ikiisha, bakteria wako kwenye kisima chenyewe au mabomba, na kusafisha kwa klorini kali, kisha kusukuma maji hayo nje kabla ya kutumia, husaidia. Ikiendelea, inatoka kwenye mwamba, na klorini kidogo itakayotiwa kwenye tenki itamalizwa na gesi hiyo kabla ya kufikia kijidudu chochote.

Tatizo langu lilikuwa kwenye tenki. Nililisafisha mwishoni mwa juma lililopita, na tope lililotoka chini lilijaza ndoo nzima, jeusi tititi, rangi ya chuma kilichokutana na gesi ile.

Msomaji wako,
Kisasa, Dodoma