Robota linamwagika, na kamba haina kosa

Lubumbashi, tarehe 19 Agosti

Kuhusu: mashine ya kufunga marobota ya majani mliyoniuzia

Bwana Mkurugenzi,

Fundi wenu amekuja shambani kwangu, barabara ya Kipushi, mara mbili, na mara zote mbili amesema kamba ndiyo mbaya. Nikanunua kamba mpya, dukani kwenu. Robota bado linatoka limefungwa kushoto, kulia limeachia. Ukilinyanyua linamwagika.

Jumapili nilizima trakta, nikachomoa kardani, yaani mhimili unaoleta nguvu ya trakta kwenye mashine, nikazungusha gurudumu zito kwa mkono, polepole, mtoto wangu akinimulikia. Sindano ya kushoto, ile inayopandisha kamba, ilipanda ikalaza kamba kwenye mwanya wa kisahani cha kushikia kamba, kisahani kikaibana. Ya kulia nayo ilipanda, lakini mwanya wa kisahani chake ulikuwa haujafika. Kamba ikalala kando. Mdomo wa kupiga fundo ukajizungushia uzi mmoja tu badala ya mbili, na kamba ya sindano ikarudi chini nzima, bila hata alama ya kisu. Kamba mbovu ingekatika. Hii haikushikwa kabisa. Kisahani cha kulia kinachelewa, basi, na hilo fundi angeliona kama angezungusha gurudumu mara moja tu.

Kinachonitia hofu zaidi ni bolti. Ile laini ya kwenye gurudumu ilikatika mara tatu, naye akaweka ngumu ili isikatike tena. Bwana, bolti ile imewekwa ikatike! Sindano hupita katika njia ya pistoni, ile inayosukuma na kubana majani. Ikichelewa kutoka, kizuizi husimamisha pistoni na bolti hukatika badala ya sindano kuvunjika. Sasa kitakachovunjika ni chuma cha bei, au mtu aliyesimama karibu. Nimeitoa, na mashine haitawashwa.

Naomba mlete fundi mwingine, mwenye kitabu cha mashine hii. Aanze kupima sindano na pistoni, ndipo arekebishe kisahani cha kulia, na aweke bolti za aina inayotakiwa. Naomba pia mnirudishie pesa ya kamba na ya safari mbili nilizolipia.

Majani ya hekta nne yamelala chini, yamekauka vizuri, na ng'ombe 31 wanayategemea. Mvua ikiyakuta hapo yataoza. Nangojea jibu lenu kabla ya mwisho wa wiki hii.

Wenu,
Mfugaji, barabara ya Kipushi