Njia ya baiskeli bila ukingo wa zege haimlindi mtu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie watu wanaoendesha baiskeli hapa Dar es Salaam, na sizungumzii wale wa Jumapili wanaovaa helmeti wakaenda Bagamoyo na kurudi, hao nawaheshimu na baadhi ni wateja wangu, nazungumzia wale wanaotoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda Feri kuchukua samaki, wauza mikate, wauza maziwa, wabeba mkaa, walinzi wanaotoka lindo, na watoto wa shule ambao makonda wanawakatalia kupanda kwa sababu nauli yao ni ndogo. Mimi ni fundi baiskeli Buguruni, sio mbali na Barabara ya Mandela, na hao ndo watu wanaonilisha, kwa hiyo nikisema hapa nasema kuhusu watu ninaowajua.

Baiskeli ikipata ajali ndugu wanaileta kwa fundi, na fundi akiiangalia tu anajua kilichotokea hata kabla hajaambiwa. Ringi ya nyuma imekunjwa, karia imepanda mpaka kwenye siti, huku foki ya mbele imenyooka kabisa, hapo huulizi, gari limetokea nyuma. Foki ikiwa imerudi ndani kuelekea pedeli basi ni shimo, au mtaro usio na mfuniko, au kuna mtu kafungua mlango wa gari bila kuangalia. Zote zinaniuma ila zile za ringi ya nyuma zinaniuma zaidi, manake mtu huyo alikuwa anaenda zake, upande wake wa kushoto, na hakumwona aliyemgonga. Halafu ukifungua redio ushauri ni uleule, waendesha baiskeli wawe makini, wavae nguo zinazong'aa, wafunge taa. Sawa, mimi mwenyewe nafunga reflekta kila siku na mteja akitaka kuondoka na baiskeli ambayo breki haishiki namkatalia, na wale wanaopenda kuendesha kinyume eti ili waone magari yanayokuja nawaambia waache, kwenye makutano dereva haangalii upande huo kabisa. Lakini jamani umakini wa mtu utamsaidia nini na kitu kinachomjia mgongoni?

Kuna watu wanalalamika kwamba baiskeli zinaingia katikati ya barabara. Nawaomba siku moja wapite ukingoni wenyewe, hata kwa miguu tu, kutoka Tazara mpaka Tabata Relini, waone. Sehemu nyingi lami imemeguka pembeni, kati ya lami na vumbi kuna kama ngazi, tairi jembamba likishuka pale halipandi tena bila mtu kuanguka. Mchanga umejaa. Vifuniko vya mitaro vingine vimeng'olewa vikauzwa chuma chakavu. Mbele kidogo kuna daladala imesimama kushusha, nyuma yake bajaji, pembeni bodaboda wamepanga foleni wanasubiri abiria, sasa mwenye tenga la samaki la kilo kibao kwenye karia anapita wapi? Anatoka kidogo kuelekea katikati, sekunde chache tu, na dereva aliyekuwa anakuja nyuma yake kwa kasi anasema kaniingilia.

Mtu atasema mbona njia za baiskeli zipo. Ni kweli zipo na nataka niongelee hizo hasa. Mwaka 2018 jiji letu lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, jiji la kwanza la Afrika kuipata, na mimi nilifurahi sana kwa sababu mradi wa awamu ya kwanza pale Barabara ya Morogoro haukuwa wa mabasi peke yake, ulikuwa na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembeni, yaani kwa mara ya kwanza kuna mtu mwenye kalamu ofisini alimkumbuka muuza mikate. Sasa nenda leo Magomeni, Manzese, fuata ile njia uone. Pengine kuna gari limepaki, pengine ni kijiwe cha bodaboda, pengine meza za nguo na viatu. Siwalaumu machinga, wanatafuta riziki kama mimi na hata mimi kijiwe changu kipo pembeni ya barabara. Ninachosema ni kwamba ukiangalia vizuri utaona jambo moja. Pale njia ilipojengwa ikatengwa kwa ukingo wa zege ulionyanyuka, au zikawekwa nguzo gari lisiweze kuingia, mpaka leo inapitika. Pale iliposawazishwa na barabara ikaachiwa rangi tu, imeshachukuliwa. Dereva wa Dar sio kwamba ana roho mbaya kuliko wa kwingine, foleni inamuumiza, akiona nafasi anachomekea, ndivyo ilivyo, na rangi chini haijawahi kumzuia mtu mwenye haraka.

Na hata pale njia ilipo nzuri, ikifika kwenye makutano inakatika. Hapo ndo penye hatari yenyewe ndo hapo wanapokuacha! Mtu anatoka kwenye njia yake salama anajikuta katikati ya daladala na malori hajui aende wapi.

Malori. Barabara ya Mandela ndo njia ya makontena kutoka bandarini kwenda Ubungo na mikoani, usiku na mchana, na hili nataka madereva na waendesha baiskeli wote walielewe kwa sababu linaua na wengi hawalijui. Lori lenye tela likikata kona kwenda kushoto, tela halipiti pale kichwa kilipopita, linakata ndani zaidi, linakula ile pembe yote ya kushoto. Baiskeli iliyosimama pale ubavuni ikisubiri foleni iende, inaona kichwa kimepita mbali inadhani iko salama, na dereva juu kwenye kabini hamwoni kabisa yule mtu, kile kioo cha pembeni hakimwoneshi aliye chini karibu na mlango. Kinachofuata ni magurudumu ya tela. Ndo maana namwambia kila mteja usijipenyeze kushoto kwa lori hata kama limesimama, kaa nyuma yake, uchelewe. Lakini hili nalo lisiishie kwa mwenye baiskeli. Kuna nchi malori yanalazimishwa kuwa na vyuma ubavuni kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ili mtu akianguka asiingie chini, na vioo vya ziada vya kuangalia chini ya mlango. Vyuma vile fundi wa kuchomelea yeyote wa Gerezani pale Kariakoo anavitengeneza, kinachotakiwa ni agizo tu.

Halafu mwendo. Sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 inasema kwenye maeneo ya makazi mwisho kilomita 50 kwa saa. Mchana foleni yenyewe inazuia, lakini ile saa kumi na saa kumi na moja alfajiri barabara ikiwa nyeupe watu wanapita mpaka unashangaa, na ndo saa hiyohiyo watu wa samaki wako njiani na giza bado halijatoka. Na gari likitoka mwendo wa 30 likaenda 60, nguvu ya kugonga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, hiyo ni fizikia ya sekondari. Mtu aliyegongwa kwa 30 mara nyingi tunampelekea uji hospitali. Shirika la Afya Duniani linasema barabara zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki, yaani watu ambao hawana bati la kuwakinga. Trafiki wanakaa barabarani mchana kukagua leseni na bima, naomba na alfajiri wawepo, na tochi yao ya kupima mwendo.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya Ulaya, sisi mji wetu ni wa magari. Uholanzi inayosifiwa kwa baiskeli haikuzaliwa hivyo. Miaka ya sitini walijaza magari kama sisi, baiskeli zikasukumwa pembeni, na mwaka 1971 peke yake walikufa watu zaidi ya 3,000 barabarani, watoto wakiwa zaidi ya 400, kwenye nchi ndogo kama ile. Wazazi wakaingia mitaani, wakafunga barabara, wakasema acheni kuua watoto wetu, halafu mwaka 1973 mafuta yakapanda bei na serikali ikaanza kusikia. Walijenga kidogokidogo, miaka na miaka. Na wala hatuna haja ya kwenda huko kote, mimi nimekulia Shinyanga, kule baiskeli inabeba mama na mtoto na gunia la mpunga na inabeba abiria wa kulipa, hakuna anayeicheka. Mji wa Dar ni tambarare karibu wote, watu karibu milioni 5.4 kwa sensa ya 2022, wengi wanaishi mbali na kazi na nauli inawamaliza. Wangapi wangenunua baiskeli kama wasingeogopa kufa? Wananiambia hapa kila siku, fundi natamani lakini mke wangu kakataa. Na mimi nawaelewa wake zao.

Sasa ombi langu, na ni moja. Mwendokasi awamu ya tano imepangwa kupita hapahapa Barabara ya Mandela. Wahusika, naomba kabla mkandarasi hajamwaga zege, ile michoro iletwe serikali za mitaa Buguruni, Tabata, Vingunguti na kote inapopita tuione, na njia ya baiskeli iwemo pande zote mbili, iwe na ukingo wa zege ulionyanyuka sio rangi, iwe na upana wa guta, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, kupita, iendelee mpaka ng'ambo ya makutano bila kukatika, na bodaboda na machinga watengewe sehemu yao kwenye mchoro huohuo ili wasilazimike kukaa njiani. Kuongeza ukingo kwenye karatasi ni kazi ya siku chache. Barabara ikishakamilika tutaambiwa bajeti hakuna, tusubiri awamu nyingine.

Mkituita kwenye kikao tutakuja. Wauza samaki wanamaliza biashara saa nne asubuhi, kwa hiyo kikao kikiwa mchana wengi watapata nafasi.

Fundi baiskeli,
Buguruni, Dar es Salaam