Msifu rangi, lakini kagueni na pa kuwekea jeki

Mhariri,

Makala yenu kuhusu magari ya kifahari ya zamani imesifu sana rangi, ngozi za viti na mbao za dashibodi. Mimi ni fundi bodi, kazi yangu ni kuchomelea chini ya magari hayo, na naomba nafasi nizungumzie pahali ambapo hakuna anayepapiga picha: pale jeki inapogusa.

Gari lenye chesi yake, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, kama Rolls-Royce Silver Cloud, halina matata mengi. Tabu ilianza bodi yenyewe ilipogeuzwa kuwa chesi. Silver Shadow, iliyotoka mwaka 1965, ndiyo Rolls-Royce ya kwanza ya namna hiyo, na uzito wake unapita tani 2. Ukiiinua ubavu mmoja, magurudumu mawili yakaachana na ardhi, jeki inabeba karibu nusu ya gari, juu ya kichwa cha chuma kisichozidi kiganja. Na chini ya mlango pale ni bati tu lililokunjwa kuwa boksi, ambalo kutu huanza kulila kwa ndani, usikokuona.

Gereji nyingi huchomelea kipande cha chuma kinene, wakapaka rangi nyeusi, basi. Siku ya jeki, chuma kinabaki kizima, bati lililokishika ndilo linalochanika kando ya mshono. Nimeletewa Jaguar iliyotengenezwa hivyo: chuma kimezama ndani ya boksi kama kisigino kwenye tope, na mlango wa nyuma haufungi.

Uzito lazima utawanywe. Bamba liwe pana, lifike hadi boksi linapoungana na mhimili wa sakafu, na ndani ya boksi kisimamishwe kipande cha bomba ili kuta zisibonyee. Kichwa cha jeki nacho kipate kikombe cha kukalia. Gari likiinuliwa upande mmoja halipandi wima. Linainama likiegemea matairi ya upande wa pili, na pale penye jeki panasogea sentimita kadhaa kwenda ndani. Bamba bapa huteleza. (Wahandisi wa Citroën DS ya 1955 waliukwepa mtihani huu: dereva analipandisha gari kwa mfumo wake wa haidroliki (mafuta yenye shinikizo), anatia kigingi chini ya ubavu, analiamuru lishuke, na magurudumu yanapanda yenyewe!)

Sasa kupima. Kwanza nachomelea sampuli kwenye bati la unene uleule, naikandamiza kwa presi mara mbili ya mzigo wake. Kisha gari lenyewe: kabari kwenye matairi yanayobaki chini, vigingi vya kulidaka gari likianguka karibu kabisa na bodi, na asiwepo mtu chini yake. Mishono naipaka chokaa. Bati likijikunja, chokaa hupasuka, nami naona. Nafasi kati ya mlango na nguzo naipima kabla ya kuinua, na tena baada ya kushusha. Isiporudi ilivyokuwa, bati limekwisha kupinda, nakata naanza upya.

Mwenye gari adai vipimo hivyo viwili viandikwe kwenye risiti. Mafundi wenzangu watanuna, najua, ila kuziandika namba mbili hakuchukui muda zaidi kuliko kupaka ile rangi nyeusi.

Fundi bodi, msomaji wenu