Kwa vijana wa kijiweni Newala: salfa haipulizwi saa nne

Wajukuu zangu, hamjambo.

Juzi saa nne asubuhi nimepita hapo chini ya mwembe, nimewakuta mnabishana mkeka wa kubeti wa nani umechanika na timu gani. Pembeni ya benchi mashine ya kupulizia, tangi limejaa salfa, dawa ya mikorosho. Nikauliza shambani mnakwenda saa ngapi. Mmoja akanijibu, "Babu, siku bado ndefu."

Ndefu kwa nani? Mikorosho inatoa maua sasa hivi, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua, haungoji mechi iishe. Salfa ya unga inataka alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, upepo haujaamka. Ikifika saa nne majani yamekauka, upepo wa huku juu unajulikana, unga wote unakwenda kwa jirani na machoni mwako. Petroli imeungua, mfuko umekwisha, mgongo unauma, na ua linanyauka vilevile. Jioni mnajisifu mmeshinda kazini! Mmeshinda mkichoka tu.

Msidhani natisha watoto. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho zaidi ya tani 140,000. Watu wakahamishiwa vijijini, mashamba ya mbali yakaachwa msitu, ubwiriunga nao ukaingia. Miaka ya 1980 mavuno yakashuka hadi chini ya tani 20,000.

Yupo mwenzenu mnayemwita mshamba. Analala mapema, saa kumi na moja yuko chini ya mikorosho, saa mbili na nusu amerudi anakunywa uji, mchana anaendesha bodaboda. Msimu uliopita korosho zake zilikaa ghalani zikingoja mnada. Za baadhi yenu zilikwenda kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, zikiwa bado maua, kwa bei ya kudhalilisha, kwa sababu hela ya mkeka ilikuwa imekwisha. Nani mshamba hapo?

Mengine nayataja tu. Simu izimwe usiku. Palizi na kupogolea visingoje mkopo. Usikubali vibarua viwili siku moja. Mnada ukipita, jifunze kuchomelea au kushona, usikae ukihesabu siku.

Wazee nao wasijifanye wasafi. Mkutano unaitwa saa tatu, mwenyekiti anaingia saa sita, vijana wenye nguvu zao wamekaa kwenye nyasi wanang'oa majani. Harusi na unyago vina kamati na vikao wiki nzima, lakini sijasikia kikao cha kupanga nani aanze kupuliziwa na nani afuate. Mtoto anajifunza wapi kuthamini saa?

Mpira siwakatazi, hata mimi redio yangu siachi ligi ikichezwa. Ila jioni.

Mashine yangu ipo, nimeifunga plagi mpya. Leteni petroli na vitambaa vya kuziba pua na mdomo. Kesho tunaanza na shamba la bibi yenu wa bondeni, hana wa kumpulizia. Atakayefika jua limeshatoka atapewa jembe, apalilie.

Babu yenu