Kuhusu Kiwanda Kinachopimiwa Kando ya Kiwanja Chako

Mikindani, Mombasa

Mpendwa Rashidi,

Nakusalimu sana. Sisi huku hatujambo, na mzee wako amenituma nikufikishie salamu zake.

Uliniuliza kwa nini tunakipinga kiwanda ilhali vijana wetu hawana kazi. Una haki ya kuuliza, kwani swali hilo husikika kila jioni hapa barazani. Hatukatai kazi, tunakataa mahali. Kinachokusudiwa ni kuyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari, na kutoka vigingi vya wapimaji hadi ua wa madrasa ni hatua arubaini, nilizihesabu mwenyewe.

Mfano tunao papa hapa Mombasa. Kule Owino Uhuru, kiwanda cha namna hiyo kilianza mwaka 2007 na kufungwa 2014, kikiwa kimepakana na makazi ya watu wapatao 3,000. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aligundua kuwa mwanawe mdogo ana sumu ya risasi mwilini, akaacha kazi na kuanza kuwakusanya majirani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kumbuka kwamba miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua.

Mimi kinachonikosesha usingizi ni mabati. Unajua kwamba hapa tunakinga maji ya mvua kwenye paa, yakipita mlizamuni hadi tangini, na ndiyo tunayokunywa bomba linapokauka. Vumbi la risasi likitua juu ya bati, mvua ya kwanza italisomba lote hadi kwenye kata ya maji. Niliisoma ripoti ya tathmini ya mazingira ya wenye kiwanda ukurasa kwa ukurasa: urefu wa dohani umo, idadi ya ajira imo (tena kwa herufi nzito), lakini tangi halikutajwa hata mara moja.

Tangazo limekwisha kutoka gazetini, nasi tumepewa siku 30 za kuwasilisha maoni kwa maandishi. Wewe una hati ya kiwanja kinachopakana nao, kwa hiyo nakuomba uandike barua yako mwenyewe, uambatanishe nakala ya hati, na uikabidhi kwa basi la usiku kutoka Nakuru, nitaipokea alfajiri. Tafadhali andika jina kamili chini ya sahihi, maana sahihi yako hata mimi siisomi.

Ni mimi rafiki yako,
Salim