Barua kwa mwanangu: masomo ya muhula wa kwanza

Neema mwanangu,

Orodha yako ya masomo ya kuelekea udaktari huko Marekani nimeisoma: kemia ya jumla, baiolojia, fizikia, kalkulasi na uandishi. Jumla krediti 19. Ni orodha ya mtoto aliyetoka PCB (fizikia, kemia na baiolojia), aliyezoea kubeba masomo matatu ya sayansi kwa mpigo, akaona kupunguza moja ni uvivu. Fizikia itoe. Baiolojia nayo isubiri muhula wa pili, isipokuwa idara yako inalazimisha uianze sasa.

Ungebaki hapa ungeingia chuo cha udaktari cha Muhimbili moja kwa moja baada ya kidato cha sita, ukapewa ratiba iliyokwisha kupangwa, ukasoma miaka 5. Huko Marekani ni miaka 4 ya digrii ya kwanza, ndipo mingine 4 ya shule ya udaktari, na hicho wanachokiita premed si digrii. Ni orodha ya masomo ambayo shule za udaktari kwa kawaida hutaka kuyaona: mwaka mmoja mmoja wa baiolojia, kemia ya jumla, kemia ogania na fizikia, pamoja na maabara zake, kisha bayokemia, hisabati na uandishi. Kupanga lipi litangulia ni kazi yako, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Kinachotangulia ni kemia, kwa kuwa ndiyo yenye mnyororo mrefu. Kemia ya jumla ya kwanza hufungua ya pili, ya pili hufungua ogania ya kwanza, kisha ogania ya pili, kisha bayokemia. Hiyo ni mihula 5 mfululizo, na vyuo vingi vidogo hufundisha kila hatua mara moja tu kwa mwaka, hivyo ukiikosa sasa unaweza kungoja hadi Agosti ijayo. MCAT, mtihani wa kuombea shule ya udaktari, huuliza bayokemia kwa wingi, na anayetaka kuunganisha bila kukaa mwaka nje huufanya kuelekea mwisho wa mwaka wa tatu. Fizikia ni mihula 2 tu. Mwaka wa pili au wa tatu itakuwa na nafasi ya kutosha.

Krediti zisikudanganye. Maabara ya kemia kwa kawaida huhesabiwa krediti 1, lakini inakula saa 3 za wiki ukiwa umesimama, bila kuhesabu ripoti ya kuandika. Wao wenyewe hukadiria saa 2 hadi 3 za kujisomea kwa kila krediti. Kwa krediti 19 hizo ni saa 38 kwa uchache, juu ya vipindi na maabara tatu. Mwezi wa kwanza mtu anamudu. Majaribio yakianza kugongana wiki moja ndipo alama huporomoka zote kwa pamoja.

Na alama huko hazifutiki. AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya shule nyingi za udaktari, hukokotoa GPA, yaani wastani wa alama, ya masomo yote, na nyingine ya baiolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake. Ukirudia somo, alama ya kwanza na ya pili zote huhesabiwa, hata kama chuo chako kimeifuta ya kwanza. Piga hesabu, A ikiwa 4, B 3 na C 2: C ya kemia na B ya kalkulasi, krediti 4 kila moja, zinakupa 2.5 katika sayansi. Ili upande hadi 3.7 utahitaji krediti 32 za A tupu, yaani masomo 8 ya krediti 4 bila kuteleza hata mara moja. Wakati huo ogania bado inakungoja.

Kwa hiyo ningependa uchukue kemia na maabara yake krediti 4, hisabati 4, uandishi 3, na saikolojia au sosholojia 3. Hizo ni 14. Saikolojia si mapambo: tangu 2015 MCAT ina sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia. Uandishi usiuahirishe, kwa sababu ripoti za maabara na insha za maombi zinataka Kiingereza kilichonyooka, na kutoa rejea kwa mtindo wao hatukukufundisha huku.

Hisabati itazame vizuri. Mtu wa PCB alisoma BAM, hisabati ya msingi, si hisabati kamili ya mtu wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na kalkulasi ya chuoni hukimbia. Watakupa mtihani wa kukupanga kiwango. Ufanye kwa uaminifu, bila kumuuliza mtu wala simu. Wakikuweka chini ya kalkulasi, kaa hapo, au anza na takwimu kama digrii yako inaruhusu. Shule kadhaa za udaktari huzipenda takwimu zaidi. Lakini uliza pia kama kiwango hicho kinakufungulia kemia, maana baadhi ya idara huweka sharti la hisabati mlangoni.

Chuo kikikupa krediti kwa alama zako za kidato cha sita, usikimbilie kuiruka kemia ya jumla. Shule nyingi za udaktari hutaka masomo haya yawe yamesomwa Marekani au Kanada, yakiwa na alama za herufi.

Sasa la viza, ambalo washauri wa premed wasiozoea wageni hulisahau. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, hatakiwi kushuka chini ya krediti 12, na katika hizo 12 somo la mtandaoni ni moja tu, lisilozidi krediti 3. Ukiwa na 14 ukaacha kemia, umebaki na 10, umevunja masharti. Mambo yakiharibika, nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Wanaweza kukuruhusu kupunguza mzigo kama uliwekwa kiwango kisichokufaa au hujazoea ufundishaji wao, ilimradi usishuke chini ya 6. Kibali kinatangulia, kuacha somo kunafuata. Ukigeuza mpangilio huo hawana namna ya kukusaidia kirahisi. Wiki ya kwanza au mbili somo huachwa bila alama yoyote kubaki. Baada ya hapo huandikwa W, alama ya kujitoa, haishushi GPA lakini inaonekana.

Shule nyingi za udaktari huko hazipokei mwombaji asiye raia wala mkaazi wa kudumu, na baadhi ya zinazopokea hudai ada ya mwaka mmoja hadi minne iwekwe benki mapema. Chagua digrii ambayo hata peke yake itakupa kazi, si lazima baiolojia.

Wanafunzi wapya husajiliwa mwishoni, vikundi vya maabara vikiwa vimejaa. Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri na uhudhurie kuanzia siku ya kwanza. Wiki hiyo watu huacha nafasi nyingi. Jumatatu peleka orodha mpya kwa mshauri wako, na silabasi ya kemia unitumie nione tarehe za majaribio.

Mama na wadogo zako wanakusalimu.

Baba yako